Amin alipoachiwa kamera: kisa cha dokumentari ya 1974 na watu waliokaa kimya mezani

Kuna dokumentari moja ya mwaka 1974 nimeiangalia mara nne sasa, na kila nikimaliza huwa nakaa kwanza kabla sijaongea na mtu. Inamhusu Idi Amin, aliyekuwa rais wa Uganda, aliitengeneza Barbet Schroeder, Mswisi aliyezaliwa Tehran na kufanyia kazi zake Ufaransa, na kamera aliishika Néstor Almendros ambaye miaka michache baadae alichukua Oscar kwa filamu nyingine huko Marekani. Jina lake ni Général Idi Amin Dada: Autoportrait, na hilo neno la mwisho maana yake ni picha ambayo mtu amejichora mwenyewe. Kisa chote kiko kwenye hilo neno, kwa sababu mahojiano haya hayakuendeshwa na muulizaji, yaliendeshwa na muulizwaji, rais mwenye jeshi, mwenye magereza, na mwenye hamu kubwa ya kuonekana.

Wengi wetu huku tumeiona vipande vipande tu kwenye simu. Mtu anakutumia kidakika kimoja Amin anapiga kodiani, kingine Amin yuko kwenye bwawa anashindana kuogelea na anawakata njia wenzake, chini watu wamejaza vicheko basi imeisha hiyo. Mimi pia nilianza hivohivo. Nilikuja kuiona nzima, saa moja na nusu, siku niliyokuwa na mjomba wangu, mtu wa Kagera, ambaye alikwenda kwenye vita vya Tanzania na Amin vya 1978 na 1979 akiwa kijana na hapendi kabisa kuvizungumzia, ukimuuliza anakwambia tulikwenda tukarudi, basi.

Tuliweka laptop juu ya stuli sebuleni. Mwanzoni mjomba alikuwa anacheka sana, kuna pale Amin yuko kwenye boti mto Nile upande wa Murchison anawaonyesha wageni wanyama kama mwenye shamba anavyoonyesha mifugo yake, tembo wale, mamba huyu, na Schroeder anafuata tu kule kidole kinakoelekea. Kuna pale anapoigiza kuivamia milima ya Golan iliyokuwa mikononi mwa Israel, vijana wachache wanakimbia na bunduki, vifaru, helikopta inapita juu, ndege za kivita, na yeye anaelezea mpango mzima kwa uhakika kabisa kana kwamba keshokutwa wanaondoka. Mjomba akasema, "Kumbe nduli alikuwa na vituko namna hii."

Kikaja kikao cha baraza la mawaziri. Mjomba akaacha kucheka. Akaniambia, "Mjomba, hebu rudisha nyuma." Nikarudisha. Akaangalia, akasema, "Rudisha tena." Nikarudisha tena. Afu akasogeza kiti karibu na kioo akanambia, "Huyo anayeongea mwache. Angalia wanaoandika."

Hapo ndo nilipoiona dokumentari kwa mara ya kwanza, naweza kusema hivyo.

Ukiiangalia ile sehemu vizuri utaona meza, watu wazima wamekaa wamevaa nadhifu, mbele yao karatasi, na Amin anaongea, anaongea, anaongea, anawafundisha kazi kama mwalimu na watoto wa darasa la tatu. Na wao wanaandika. Hakuna anayeuliza, hakuna anayekohoa kwa nguvu. Mtu anainua macho kidogo anayarudisha kwenye karatasi. Ukifikiria kwamba wengine pale ni wasomi, wanasheria, watu walioshawahi kuwa mabalozi, unajiuliza wanaandika nini, maana anachosema hakihitaji kuandikwa, ila kalamu ikisimama mtu ataonekana amesimamisha kalamu. Anafika kwa waziri wa mambo ya nje, Michael Ondoga, anamsema mbele ya wenzake na mbele ya kamera kwamba kazi yake haiendi inavyotakiwa. Kamera ya Almendros inamfuata Ondoga, inamkaribia usoni. Sauti ya msimuliaji inasema kwamba wiki mbili baadae mwili wa mtu huyu ulikutwa kwenye mto Nile.

Sekunde chache tu hizo. Halafu filamu inaendelea.

Sasa tuchambue ilikuwaje mpaka hapo, maana watu wengi huwa wanajiuliza hivi Amin alikubali vipi kurekodiwa na wageni. Kiukweli hakuwa na shida na vyombo vya habari hata kidogo, aliviishi. Aliingia madarakani tarehe 25 Januari 1971 rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, na wananchi walizipata habari zile kwa Redio Uganda, mwanajeshi anasoma sababu za mapinduzi moja baada ya nyingine. Tokea siku ile redio ikawa ndo ofisi yake. Mawaziri walikuwa wanasikia redioni kwamba wameteuliwa au wamefukuzwa. Agosti 1972 Waasia wakapewa siku 90 waondoke. Telegramu alizokuwa anawatumia viongozi wa dunia zilisambazwa makusudi ili magazeti yazipate, na hapo ndipo ulimwengu ulipojifunza kumcheka. Mwalimu Nyerere aliandikiwa kwamba anapendwa sana na kwamba angekuwa mwanamke Amin angefikiria kumuoa, hata na mvi zake. Septemba 1972, siku chache baada ya wanamichezo wa Israel kuuawa Munich, Amin alimpelekea Kurt Waldheim wa Umoja wa Mataifa telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Schroeder anamgusia habari ya Hitler kwenye dokumentari na jamaa anacheka. Kicheko kirefu, cha tumboni, cha mtu aliyezoea kwamba akicheka wengine nao wanacheka.

Na wakati huohuo, hebu tuangalie yaliyowapata waliouliza maswali ya kweli. Julai 1971 Wamarekani wawili, Nicholas Stroh ambaye alikuwa mwandishi wa habari na Robert Siedle ambaye alikuwa anafundisha Makerere, walikwenda kambi ya jeshi ya Mbarara kuulizia habari za askari waliouawa humo. Wakauawa. Januari 1973 padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, aliuawa. Jaji mkuu Benedicto Kiwanuka alikuwa ameshachukuliwa mahakamani mchana kweupe Septemba 1972, hakurudi tena. Kwa hiyo ile 1974 Schroeder anaposhuka Uganda na kamera zake, nchi nzima ilishajua kwamba kuna maswali ya kuuliza na kuna maswali ambayo ukiyauliza unakutwa mtoni, na hii ndo sababu mimi sikubaliani na wale wanaosema Schroeder aliogopa kumbana Amin. Kumbana vipi? Ungembana ungepata nini zaidi ya hotuba ya hasira na tiketi ya kurudi Paris, na huenda hata tiketi usiipate.

Alichofanya ni kingine. Alimwambia hii ni picha yako, wewe ndo unaamua twende wapi, turekodi nini. Amin akapenda. Akapanga matukio, akapanga wanajeshi, mpaka muziki wa filamu ni wake mwenyewe na kodiani lake. Mtu akishajua picha ni yake analegea, anaanza kujionyesha vile anavyojiona, na Amin alijiona ni jemadari, ni mcheza ngoma, ni baba wa taifa, ni mtu wa utani. Schroeder hakumkatiza. Ukimya wa muulizaji ukawa ndo swali lenyewe, na Amin akawa analijaza.

Ila njia hii ina gharama zake na hapa ndo panaponisumbua mpaka leo. Kikao kile cha mawaziri kiliitishwa kamera ikiwa ndani. Yaani mawaziri wale waliwekwa jukwaani, na Ondoga alisemwa sio tu mbele ya wenzake bali mbele ya wazungu na mbele ya dunia. Je, angeuawa hata kama kamera isingekuwepo? Walishauawa wengi bila kamera yoyote, makadirio yanayotajwa zaidi ya waliouawa kwa ile miaka minane ni watu 300,000, wengine wanasema chini ya hapo na wengine juu. Kwa hiyo mimi damu yake siiweki mikononi mwa mtengeneza filamu, naiweka palepale inapostahili. Lakini mtu anayemwachia mtawala achague nani aingie kwenye picha ajue pia kwamba wale wanaoingizwa hawakuombwa ruhusa. Amin alikubali mahojiano. Ondoga alikuwa kazini tu.

Na gharama ya pili ikaja baadae, hii ni ya ajabu zaidi. Palitengenezwa toleo fupi la kama saa moja lililokwenda Uganda, Amin akaliona akafurahi. Toleo refu likaonyeshwa Ulaya. Amin akatuma watu London wakae ukumbini waiangalie na waandike kila kinachosemwa, wakamletea. Hakupendezwa na baadhi ya maneno. Akamwandikia Schroeder atoe vipande fulani, Schroeder akakataa. Sasa mtu wa kawaida akikataliwa anakwenda mahakamani, Amin yeye aliwakusanya Wafaransa waliokuwa wanaishi Uganda, zaidi ya mia, akawaweka kwenye hoteli jeshi limezunguka, afu akawapa namba ya simu ya nyumbani kwa Schroeder. Mpigieni rafiki yenu, akikata vipande vyangu mnakwenda zenu.

Hebu jiweke upande wa pili wa ile simu. Umekaa nyumbani kwako, simu inalia, ni mtu usiyemjua, anazungumza lugha yako, anakwambia mimi ni mwalimu au mimi ni mke wa fundi fulani, niko hotelini na watoto, tafadhali bwana kata hivyo vipande. Unaweka chini, inalia tena.

Schroeder akakata. Dakika mbili na nusu. Na alichokifanya hapo ndo kilichonifanya nimheshimu, hakuunga picha kimyakimya kama vile hakujatokea kitu, sehemu zilizokatwa aliweka maandishi yanayomwambia mtazamaji kwamba hapa pamekatwa kwa matakwa ya Amin. Mtazamaji wa Paris akawa amekaa kwenye kiti chake anaangalia maandishi na kwa muda ule na yeye ametawaliwa na Kampala. Kama ulikuwa unacheka tokea mwanzo wa filamu, hapo kicheko kilikukauka. Baada ya Amin kuanguka Aprili 1979 vipande vilirudishwa, kwa hiyo tunayoiona leo ni ile nzima.

Kuna wengine wanasema asingekata kabisa, kwamba ukishamkubalia dikteta mara moja umeuza kazi yako. Mimi nasema hapana, dakika mbili na nusu za filamu hazilingani na mtu mmoja hotelini, achia mbali mia, na kilichobaki kilikuwa na nguvu ileile. Sura ya Ondoga ilibaki, kalamu zilibaki.

Watu hupenda kulinganisha na mahojiano ya mtangazaji Mwingereza David Frost na Richard Nixon, aliyekuwa rais wa Marekani, ya mwaka 1977 na mimi naona tofauti yake inafundisha. Nixon alikuwa ameshajiuzulu, hana jeshi wala ofisi, alilipwa dola 600,000 akae mbele ya kamera, na mwisho wa siku alichoweza kumfanya Frost ni kumzungusha kwa maneno. Saa zaidi ya 28 zilirekodiwa, Frost akaweza kurudi nyuma, kusoma, kujipanga, kumvizia. Huo ni mchezo wa watu wawili waliokaa sawa. Kwa Amin hakukuwa na kukaa sawa, kwa hiyo mbinu ya Frost Kampala isingefanya kazi, na mbinu ya Schroeder kwa Nixon isingetoa kitu maana Nixon hakuwa mtu wa kulegea mbele ya kamera. Mwaka uleule wa 1977, Februari, askofu mkuu Janani Luwum aliuawa na serikali ya Uganda ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Redio ileile.

Na mfano wa karibu zaidi ni wa Denis Hills, Mwingereza aliyekuwa anafundisha Uganda. Mwaka 1975 alihukumiwa kifo kwa sababu ya mswada wa kitabu, haujachapishwa hata, ambamo alimwita Amin dikteta wa kijijini. Ikabidi waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, James Callaghan, apande ndege mwenyewe mpaka Kampala ndo jamaa akaachiwa. Unaona sasa ni mchezo uleule wa hoteli, mtu anawekwa rehani afu mkubwa wa mbali anaitwa. Amin alielewa habari zinavyosafiri kuliko waandishi wengi waliokuwa wanamcheka. Alijua picha moja ya wazungu wamembeba kwenye kiti itazunguka dunia nzima, na ilizunguka, ile ya 1975.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tunaozungumza Kiswahili tunaliona na wengine hawalioni. Karibu kila anachosema Amin kwenye dokumentari hii ni kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuwa nayo vizuri, na nusu ya vicheko vya Ulaya vilitoka hapo, kwenye sentensi zilizopinda. Lakini amri kambini zilikuwa zinatoka kwa Kiswahili, na huko hakukuwa na kujikwaa. Amin mwenyewe mwaka 1973 alitoa amri Kiswahili kiwe lugha ya taifa Uganda, na mpaka leo ukikaa na mzee wa Kampala atakwambia Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki, lugha ya kusimamishwa barabarani usiku. Inauma kuisikia hiyo kama unaipenda lugha hii, lakini ndo ilivyokuwa. Kwa hiyo Mzungu wa London alimuona mtu wa kuchekesha anayekosea maneno, na Mganda alimjua mtu mwingine kabisa ambaye maneno mawili tu ya Kiswahili yalitosha kukutoa nyumbani kwako. Filamu imemuonyesha wa kwanza kwa saa nzima, na wa pili unamuona kwa kuangalia shingo za mawaziri.

Huku kwetu pia tulikuwa na Amin wetu wa kuchora. Nduli. Redioni nduli, magazetini nduli, kwenye nyimbo nduli. Mwalimu alipohutubia Novemba 1978 kuhusu uwezo, sababu na nia ya kumpiga, taifa zima lilikuwa limeshamjua kama mnyama wa kuwindwa. Mjomba ananiambia wakiwa njiani kwenda mbele walikuwa wanaimba, wanamuigiza anavyotembea, mtu akivimbisha tumbo wote wanacheka. Nikamuuliza, mkishafika je? Akanyamaza kidogo, akasema kule tulikuta watu wanatupungia mikono huku wanalia, na kulikuwa na mama mmoja alikuwa anawaonyesha askari picha, kila askari anayepita, anamuonyesha picha ya mumewe. "Mimi nilimwambia sijamuona, mama," akasema. "Nilikuwa natembea tu, naona kila mtu ana picha."

Mwaka 2015 kwenye kabati la shirika la utangazaji la Uganda zilipatikana negativu za wapigapicha wa serikali, kama 70,000 hivi, nyingi za miaka ya Amin, na 2019 baadhi zikawekwa kwenye maonyesho pale makumbusho ya taifa Kampala. Ni Amin kila mahali, Amin anafungua, Amin anakagua, Amin anacheza, mikutano, gwaride, magendo yaliyokamatwa yamepangwa chini. Picha za waliokuwa wanateswa hakuna, wapigapicha hawakuitwa huko. Ndo maana mimi sekunde za Ondoga nazihesabu kama kitu cha thamani sana, ni sehemu chache ambapo kamera ya mgeni, ikiwa imealikwa na mtawala mwenyewe na iko pale kumsifu yeye, iligeuka pembeni ikashika uso wa mtu ambaye ana siku chache za kuishi na huenda anajua.

Mara ya nne niliiangalia peke yangu na nikazima sauti kabisa. Jaribu siku moja. Bila sauti yake kubwa ile na kodiani, macho yanaenda kwengine yenyewe. Unaona wanaopiga makofi wanavyoangaliana kwanza nani ataacha. Unaona askari wa Golan ya kuigiza wamechoka. Unaona kalamu.

Na mwishoni kuna mkutano na madaktari, Amin amekaa anasikiliza wengine wanaongea, sio zamu yake. Kamera inamkaa usoni, haiondoki. Hana la kuonyesha, hana tembo wala ndege. Macho yanakwenda kushoto, yanakwenda kulia, yanarudi, jasho linamtoka kidogo, na kwa dakika ile na yeye ni mtu aliyekaa kimya mezani wakati wengine wanazungumza, na unamuona jinsi asivyoweza kabisa kustahimili.

Nilimpigia mjomba nikamwambia hilo. Akasema njoo nayo Jumapili, tuiangalie tena hapo mwisho.